Maganda Yenye Herufi E

La Rochelle, Johannesburg
Jumamosi, 11 Februari 2023

Shemeji Libère,

Salamu nyingi. Sisi huku tu wazima. Mwanangu Belyse naye anakusalimu, ingawa salamu yenyewe ameitoa kwa Kizulu huku macho yake yako kwenye simu. Msichana anafanya kazi saluni Rosettenville siku nzima, anarudi nyumbani na lugha ya wateja. Gunia limefika. Placide amelibwaga mlangoni akakimbia, eti gari lake limeziba njia ya watu. Siku moja nitamlazimisha anywe chai kwa nguvu.

Nakuandikia kwa sababu ukiwa kazini simu yako imefungwa kabatini huko getini, na ukitoka mtandao hakuna. Halafu hata nikikupata unajibu "ndiyo, ndiyo" tu, kumbe husikii kitu. Karatasi Placide atakufikishia, utaisoma utake usitake.

Shemeji, mikono yangu imekwisha. Kusugua maganda ya risasi kwa siki, ndimu na chumvi, moja baada ya jingine, mwanamke mzima nimeinamia beseni kama ninayefua nepi za mapacha! Na bado hereni ninazoyakatia zinarudishwa. Denise wa kwaya alivaa zake Jumapili mbili tu, sikio likawa kijani, akaja kunionyesha mbele ya watu wote mlangoni pa kanisa. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nimesikia kuna mashine za kuosha maganda. Wewe uko hapo uwanjani pa kulenga shabaha, wanachama wenu wanazo majumbani, wanaoshea maganda yao kabla ya kuyajaza baruti upya. Waulize. Nataka kununua moja, lakini sitaki kununua upuuzi.

Usinichoke kwa kulirudia lile neno lako. Siku tulipoondoa matanga ya Emery kule Berea, siku ya kuganduka, watu walinong'ona: mume amepigwa risasi mlangoni kwake Bujumbura, leo mdogo wake anakwenda kufanya kazi kwenye bunduki? Ukasimama wewe, msemaji wa familia, ukasema kila ganda utakaloliokota litapita kwenye msumeno wa Médiatrice, na halitarudi kuwa risasi tena. Tukalinywea neno hilo, sote, kuanzia wazee. Bila neno lile nisingegusa hata ganda moja. Nakuambia ukweli, siku za kwanza harufu yake tu ilinitapisha. Sasa nayakata nikiimba.

Basi nishauri.

Wako shemeji,
Médiatrice


Uwanjani
Ijumaa, 17 Februari 2023

Shemeji mpenzi,

Bon! Umemuuliza mwenyewe. Hapa naitwa Mtu wa Maganda, hata bosi ananiita hivyo. Kaa chini, mtaalamu anaongea.

Mashine ni za namna mbili. Ya kwanza ni bakuli linalotetemeka. Unatia magunzi ya mahindi yaliyosagwa, unatia maganda, linatikisika saa nyingi. Linang'arisha nje vizuri, sikatai. Lakini ni kavu, na vumbi lake ni la masizi ya fataki, kile kidude cha kuwashia baruti kwenye kitako cha ganda, lina sumu. Wewe unapika, unalala na unaomba Mungu chumba hicho hicho. Eish, usilete kitu hicho ndani.

Ya pili ni pipa linalolala ubavu na kuzunguka. Hili ni la maji. Unatia maganda nusu ya pipa, usizidishe, maji, tone la sabuni ya vyombo, unga wa ndimu kidogo kabisa, na vijiti vya chuma kisichoshika kutu, vyembamba kama sindano zilizokatwa vipande. Hivyo vijiti ndio wafanyakazi. Vinaingia kila mahali, ndani ya ganda, hadi kwenye kile kitundu cha fataki huko nyuma. Maganda yanatoka kama yametoka kiwandani jana. Unga wa ndimu ukiuzidisha, shaba inageuka rangi ya waridi, nawe utajua umekosea.

Chukua pipa, tena kubwa. Liwe na bitana ya mpira ndani, la sivyo majirani watakuhamisha. Angalia mfuniko usivuje. Angalia mkanda wa mota usiwe umechoka.

Na mambo mawili ya kitaalamu. Usikate kabla ya kuosha, osha yakiwa mazima, vipande vilivyokatwa vinakwaruzana na kuharibika. Pili, ng'oa fataki kwanza kwa kile kijichuma nilichompa Placide akuletee, maji yasibaki nyuma yake yakaozesha shaba. Yale mafupi ya bastola yatenge peke yake. Yakikuzidi nirudishie, huku kuna stoo, kwako hata panya hana pa kupita.

Sharp, shemeji. Msalimie binti yangu.

Libère


La Rochelle
Jumamosi, 4 Machi 2023

Shemeji Libère,

Nimekwenda Marshalltown. Nilivaa viatu vya Jumapili ili nisidharauliwe, nikarudi nimevishika mkononi.

Kuna Mkongo pale, Thierry, mtu wa Lubumbashi, anauza mashine zilizokwisha kutumika. Mtu mpole, ila anaongea na mashine kuliko na wateja. Alinitolea mbili. Moja ndogo, ya watu wanaosugua vito vya mapambo: kipipa cha mpira ambacho ningeweza kukipakata, sauti yake ya chini, ya kuleta usingizi. Ya pili ndiyo hiyo yako. Pipa la pande sita, mpira ndani, mfuniko wenye skrubu za kukaza kwa mkono. Tuliinua watu wawili kuiweka juu ya meza. Alipoiwasha na vijiti ndani, nilidhani lori la kokoto linamwaga mzigo dukani. Mwanamke mmoja aliyekuwa anapita nje na ndizi zake kichwani alisimama akachungulia.

Sikufichi, roho yangu ilikuwa kwenye ile ndogo. Mimi nakata kitako cha ganda, natoboa, natia ndoano, basi ni hereni. Gunia zima kwa mpigo la nini? Thierry naye akaniuliza, "Maman, unasema unatengeneza hereni. Sasa ndani ya ganda mnasafishia nini? Hereni haina ndani." Nikamwambia shemeji yangu ndiye fundi, yuko uwanjani. Akasema, "Basi huyo shemeji ana hereni zake," akaendelea kukaza skrubu.

Sikulipenda jibu lile, nikamnunia hadi mwisho. Lakini swali lake nimelibeba hadi nyumbani. Na la fataki pia. Nikishakata kitako nikakitoboa katikati, hiyo fataki si inaanguka yenyewe? Nieleze kama unavyomweleza mtoto, usiniletee utaalamu.

Hata hivyo nimekusikiliza wewe. Nimenunua kubwa. Placide alinisaidia kuipandisha ngazi, akatukana kwa lugha tatu. Tatizo sasa ni umeme. Ukikatwa katikati, pipa linalala na maji yake machafu, na nimeshaona maganda yakikaa majini yanatoka na madoa. Kwa hiyo naangalia ratiba ya kukatika umeme kuliko ninavyoangalia kalenda ya kanisa.

Nijibu hilo la ndani.

Médiatrice


Uwanjani
Ijumaa, 10 Machi 2023

Shemeji,

Huyo Mkongo wako ana mdomo. Mwambie auze mashine.

Nilitaka iwe siri nikufurahishe, lakini umenibana. Kuna msanii, rafiki wa bosi. Anajenga msalaba mkubwa, mrefu kuliko mtu, kwa ajili ya kanisa dogo upande wa Pretoria. Msalaba wa kuwakumbuka watu waliouawa kwa bunduki. Anaujenga kwa maganda mazima ya bastola, yaliyopangwa vitako vikitazama mbele, na nyuma yake zitawekwa taa. Mwanga utapita ndani ya kila ganda na kutokea kwenye kile kitundu. Ndiyo maana ndani pawe safi, ndiyo maana fataki ing'oke. Umeelewa sasa?

Nilimwambia kuhusu Emery. Aliguswa sana. Akasema maganda ya msalaba ule yaoshwe na mikono yako, si ya mtu mwingine.

Kwa hiyo yale mafupi usiyakate. Osha, suuza kwa maji safi, yaanike juani juu ya taulo, usiyaweke jikoni kwenye joto. Yakikauka, funga gunia, mpe Placide. Yale marefu na yaliyopasuka endelea kukata hereni zako.

Na usimwambie kila mtu, kazi ya msanii haitangazwi kabla ya siku yake.

Libère


La Rochelle
Jumamosi, 1 Aprili 2023

Shemeji wangu, mdogo wa mume wangu,

Mungu akubariki mara nyingi. Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, nikamwita Belyse nikamsomea kwa sauti. Nilipofika pale pa mwanga alikata simu. Belyse, kukata simu! Akaniuliza, "Ya Papa?" Nikamwambia ndiyo, ya baba yako na wengine wote.

Nisamehe, kulikuwa na kitu kidogo kimeniingia moyoni juu yako. Sasa kimetoka, nakutajia ili nisibaki nacho.

Sasa sikiliza. Nimelijulia pipa. Kijiko kidogo cha unga wa ndimu, si zaidi. Yale ya kwanza kabisa yalitoka ya waridi kama midomo ya bibi harusi, nikacheka peke yangu, nikayatenga kwa ajili ya hereni. Yaliyofuata yametoka ya dhahabu. Nayachekecha vijiti vidondoke, kisha nalichungulia kila moja dhidi ya dirisha, na kweli mwanga unapita! Katundu kadogo, lakini unapita.

Umeniambia nisitangaze, nami sikutangaza. Ila wanawake wa kwaya nimewaambia, hao si watu wa kutangaziwa, hao ni sisi. Walikuja Alhamisi. Tulimwaga maganda kwenye shuka jeupe, tukashikana mikono tukayaombea. Denise aliomba hadi sauti ikamkauka. Kila mmoja akataja mtu wake. Wengine walikuwa na wengi wa kuwataja.

Kisha nikafanya jambo ambalo sikukuuliza. Kila ganda tuliloliombea nimelikwaruza herufi E kwa msumari, pale kitakoni, ndogo. Emery awemo msalabani. Najua haitaonekana kwa mbali, na mimi sihitaji ionekane.

Placide analo gunia. Niambie jina la kanisa. Pasaka ni wiki ijayo. Kama msalaba umesimama, hata nusu, mimi na Belyse tutapanda gari asubuhi tuje tuuone. Na Denise anauliza kama kwaya inaweza kuimba siku ya kuuzindua. Nimemwambia shemeji atapanga.

Médiatrice


Uwanjani
Ijumaa Kuu, 7 Aprili 2023

Shemeji,

Msije. Msanii amechelewa, kanisa lenyewe bado lina mafundi, limefungwa. Nitawaambia.

Tafadhali usikwaruze tena maganda, msanii hataki michubuko. Na kwaya isijue tarehe yoyote, kwa sababu tarehe haipo.

Gunia jipya anakuletea Placide. Yafanye haraka ukiweza.

Pasaka njema.

L.


La Rochelle
Jumamosi, 22 Aprili 2023

Libère,

Leo nimelimwaga gunia lako sakafuni ili nitenge mafupi na marefu. Machafu yote, meusi, yananuka baruti mbichi. Nimechukua la kwanza, la pili. Kwenye la tatu kidole changu kimegusa mkwaruzo.

Nimelifuta kwa khanga. Ni E.

Nikafikiri labda ni bahati, labda ni alama ya kiwanda. Nikafuta jingine na jingine. Belyse akashuka chini akafuta na mimi. Tumeyapanga dirishani, na yamejaa dirisha. Mwandiko wa msumari wangu naujua, mguu wa chini wa E yangu siku zote unarefuka.

Kwenye kitundu tulichokiacha wazi kuna fataki mpya, na katikati yake pamegongwa.

Niambie jinsi ganda la msalaba linavyorudi kwangu likiwa limepigwa.

Médiatrice


Uwanjani
Ijumaa, 28 Aprili 2023

Shemeji,

Tulia kwanza. Unajua huku kuna maganda mangapi? Ni stoo nzima. Huenda gunia lako lilifika likamwagwa pamoja na machafu kabla msanii hajalichukua, yakapakana masizi tu. Yakikaa pamoja yanachafuana. Na macho yako, shemeji, kwa hasira mtu anaweza kuona fataki mahali ambapo hakuna.

Usiwaambie watu mambo ambayo hujayajua vizuri. Nitakuja mwisho wa mwezi tuongee.

Libère


La Rochelle
Jumamosi, 29 Aprili 2023

Libère,

Nimempelekea Thierry moja. Amelikata kwa urefu mbele yangu. Masizi yamo ndani, hadi chini kabisa, na yale ya kupakwa hayaingii humo. Fataki ameing'oa akaiweka kiganjani mwangu. Hakunikumbusha alichosema siku ile, na mimi namshukuru kwa hilo.

Usije mwisho wa mwezi. Andika. Na safari hii usiniite shemeji kabla hujasema ukweli.

Médiatrice


Uwanjani
Ijumaa, 12 Mei 2023

Médiatrice,

Barua hii nimeianza mara nyingi nikaichana.

Hakuna msalaba. Hakuna msanii, wala kanisa upande wa Pretoria. Lile la taa nililibuni nikiwa nafagia, ulipouliza swali la huyo Mkongo, na lilipokuja likaja lote kwa pamoja, hata mimi lilinipendeza. Ulipoandika kwamba mmeyaombea, nilitoka nje nikakaa nyuma ya ukuta wa mchanga. Nilitaka kukuambia siku ile. Nikaandika "msije."

Ilianza hivi. Mwaka jana bosi aliniita akasema maganda ninayookota ni mali yake, alikuwa ananiachia kwa hisani tu. Nikitaka kuendelea kukutumia wewe yale mabovu, basi mazuri yarudi kwake yakiwa safi ndani na nje, tayari kujazwa. Alisema asiyetaka aseme, getini kuna watu wanasubiri kazi. Nikajiambia: nikikataa, Médiatrice anakosa hata mabovu, na mimi nakosa kazi, na bila kazi kibali changu nakirefusha kwa maneno gani? Nikakuambia ununue pipa kubwa. Hiyo ndiyo sababu ya ndani.

Mengi wanachama wanajaza wenyewe, wanapiga karatasi. Karatasi, Médiatrice, zenye duara. Mengine bosi anayajaza na kuyatoa kwa watu. Uliza ni nani, nitakujibu sijui. Sijauliza.

Nisiishie hapo, kwa sababu utakuja kulisikia. Yale yenye E niliyapiga mimi.

Jioni wanachama wakiondoka, bosi huniacha nipige naye amesimama pembeni. Mara ya kwanza nililia. Mara ya pili sikulia. Sasa napenda. Nakuambia wewe kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia. Emery alifungua mlango akiwa mikono mitupu, nami kila nikifumba macho namwona na ile mikono yake. Nikishika kile chuma simwoni. Siku ile nilichukua boksi bila kuangalia, nikapiga yote, asubuhi nikafagia sakafu kama kila siku nikatia guniani. Sikuangalia vitako. Kama ningeangalia, labda ningeendelea kukudanganya.

Nisamehe. Wewe ni mtu wa hasira, lakini hasira zako hazikai. Ukitaka nitaacha kupiga. Pipa lisimame, nitatafuta cha kumwambia bosi.

Ninaomba kitu kimoja tu. Mwezi ujao watu wa Alain wanakuja kumposa Belyse. Baba yake hayupo, baba mdogo ni mimi. Tulishakubaliana nitasimama nimsemee. Nimeshanunua suti. Hili letu lisiingie kwenye siku ya mtoto. Nakuomba.

Libère


La Rochelle
Jumamosi, 20 Mei 2023

Libère,

Nimesubiri wiki nzima nione kama hasira zangu zitaondoka kama ulivyosema. Hazikuondoka, ila zimetulia, na naweza kuandika.

Umenisaliti. Nalisema wazi ili usije ukalipunguza ukilikumbuka. Kazi ningeielewa. Kibali ningekielewa, na mimi nasimama foleni ile ile. Ungeniambia, "Médiatrice, bosi ananibana," tungekaa tukapiga akili, nikaacha hata hereni. Ulichofanya ni kunipa msalaba. Ulijua ni kitu gani pekee kingenifanya nioshe risasi za watu kwa furaha, ukanipa hicho. Nilishangilia, Libère! Nilimwita mtoto nikamsomea. Wajane wa watu walilia juu ya shuka langu wakitaja majina ya waume zao, na wewe ukayachukua majina yale ukayapiga.

Na unasema karatasi. Yale mengine ambayo hukuuliza yanakwenda wapi, hayo nayo ni karatasi?

Kuhusu kupiga kwako, sina la kukujibu. Nilisoma nikaona uchungu, siwezi kukudanganya. Lakini uchungu ule ni wetu sote, na mimi sikumdanganya mtu kwa ajili yake. Nenda kaongee na mchungaji, au na yeyote unayemwamini. Si mimi, si sasa.

Pipa halikusimama. Thierry amenipatia mabomba na koki za zamani za shaba, navikata vipande, navitia. Maganda yako yote niliyokuwa nayo nimeyaponda kwa nyundo, yale ya dirishani pia, baada ya watu kuyaona.

Ndiyo, watu wameyaona. Neno lako ulilitoa mbele ya watu kule Berea, nami nimelirudisha mbele ya watu kule kule. Jumapili niliwaita wote waliokunywa siku ile. Nilimwaga maganda mezani nikawasomea barua yako, ile ya mwisho. Nimeruka sehemu moja, ile ya mikono ya Emery. Hiyo nimekuachia.

Kisha mzee mmoja akauliza kama desturi inavyotaka: neno la familia limevunjika, sasa nani anasema kwa niaba ya Emery? Wanaume wakaangaliana. Nikawa nafungua mdomo nijibu mimi.

Belyse akasimama. Wewe unakijua Kiswahili chake. Akasema, "Ya baba nasema mimi." Sauti ilikuwa ndogo, akairudia, "Mimi mtoto yake, nasema mimi." Mzee alimtazama, akamsogezea kinywaji, Belyse akanywa. Hakuna aliyemrekebisha neno.

Kwa hiyo mambo ya mwezi ujao yako hivi. Belyse atajisemea. Watu wa Alain wameshaambiwa, wameshangaa, wamekubali. Amesema wewe uje, na mimi sikumpinga, wewe ni damu yake na hakuna aliyekufukuza. Njoo na suti yako. Utapewa chakula, utapewa kinywaji, utasalimiwa vizuri.

Utakaa upande wa wageni.

Médiatrice, mke wa Emery